Kura saba zilizokwenda kwa mtu wa pili

Mlioamka saa tisa usiku wa kuamkia Juni 18, 2024 mliiona Boston Celtics ikiichapa Dallas Mavericks 106-88 katika fainali ya NBA na kubeba ubingwa wake wa 18. Mlimwona Jayson Tatum akimaliza na pointi 31, asisti 11 na ribaundi 8. Kisha mkaona tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikienda kwa Jaylen Brown. Majaji walikuwa 11: saba kwa Brown, wanne kwa Tatum. Wale saba walikosea, wala sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

Hoja yao mnaijua. Brown ndiye aliyempokea Luka Doncic, nyota wa Dallas wakati huo, tangu katikati ya uwanja, akambana na kumchosha, na mechi ya tatu ni yeye aliyechezewa ile faulo ya sita iliyomtoa Luka zikiwa zimebaki dakika nne na ushei. Kazi nzuri, hakuna anayebisha.

Lakini Brown kumkaba Luka ni jambo linaloonekana hata na mtu anayesinzia mbele ya runinga, kwa kuwa macho hufuata mpira. Kilichoibomoa Dallas kilikuwa upande wa pili wa skrini, pale mchezaji anaposimama kumzibia njia mkabaji wa mwenzake. Kocha wa Boston, Joe Mazzulla, alimpa Tatum, ambaye ni mtu wa pembeni, kazi ya kuwakaba masentaa wa Dallas: Daniel Gafford, na baada yake Dereck Lively. Kwa hiyo kila Luka alipoitisha skrini, aliyekutana naye hakuwa jitu zito la kuvutwa nje na kudhalilishwa kama alivyofanyiwa Rudy Gobert wa Minnesota raundi iliyotangulia. Alikuwa Tatum, mwenye kimo cha kupambana na sentaa na miguu ya kumfuata Luka. Hakukuwa na haja ya mtu wa tatu kukimbilia kuziba pengo. Waliokaba kona walibaki konani, Al Horford na Kristaps Porzingis wakabaki karibu na kikapu, na zile pasi za hewani ambazo Lively aliishi nazo msimu mzima zikakauka. Mechi ya kwanza Dallas ilitoa asisti 9. Timu nzima, tisa!

Wanaomtetea Brown wakifika hapo hukimbilia ushambuliaji: Tatum alitia chini ya asilimia 39 ya mitupo yake, na mechi ya pili alitia 6 kati ya 22. Ni kweli. Sasa urudie mkanda wa mechi hiyo hiyo ya pili, uache mpira, uangalie miguu ya walinzi wa Dallas. Tatum akiingia ndani, wa pili anamfuata na wa tatu anaacha mtu wake hatua mbili. Pasi inatoka, Jrue Holiday anamalizia peke yake chini ya kikapu. Usiku ule Tatum alitoa asisti 12, Holiday akafunga 26, Boston ikashinda 105-98. Mchezaji anayekosa mitupo 16 na bado ulinzi unamkimbilia wawili wawili ndiye anayeuendesha mchezo. Wastani wake wa fainali ulikuwa pointi 22.2, ribaundi 7.8 na asisti 7.2. Brown alikuwa na 20.8, 5.4 na 5.0. Safu zote tatu kazidiwa na mwenzake, tuzo kapewa yeye.

Na haikuwa mara ya kwanza. Fainali ya Mashariki dhidi ya Indiana, Tatum alifunga wastani wa 30.3 na Brown 29.8, tuzo ikaenda kwa Brown. Mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua nilipo na kinyongo. Mwaka 2015 Andre Iguodala alipata kura saba kwa kumkaba LeBron James, ambaye hata hivyo alifunga wastani wa karibu 36, na Stephen Curry, nyota wa timu ya Iguodala, hakupata hata moja. Mwaka 1981 Cedric Maxwell alipewa tuzo huku mwenzake Larry Bird akiwa uwanja ule ule. Majaji wanapenda hadithi ya msaidizi aliyeinuka. Enzi za Shaq na Kobe kule Lakers hapakuwa na ubabaishaji: Shaq alichukua zote tatu, 2000 hadi 2002, kwa kuwa kila mtu aliona nani anaulazimisha ulinzi kukunjamana.

Tuzo yenyewe tangu 2009 inaitwa kwa jina la Bill Russell, bingwa mara 11 na Boston ile ile, ambaye hakuipata hata siku moja. Ilipoanza kutolewa 1969, Russell alichukua ubingwa, majaji wakampa Jerry West aliyefungwa.

Brown mwenyewe, akiwa ameishika, alisema anagawana na Tatum. Alikuwa mwadilifu kuliko waliompigia kura.

Kura hizi hukusanywa mechi ya mwisho ikiwa bado inachezwa, jasho halijakauka. NBA iwape majaji hadi kesho yake, na kabla ya kuandika jina wakae waangalie mechi zote upya, hasa upande ambao mpira haupo.