Heko, Mwanamaji wa Nchi Kavu

Mwanamaji husifiwa akiwa baharini. Leo nampongeza akiwa gatini Kigamboni, ng'ambo ya pantoni. Kituo cha wanamaji hapo kilijengwa kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi wetu hukipita bila kukitupia jicho.

Watu hudhani meli ikifunga kamba, kazi imekwisha. Thubutu! Chumvi haina likizo. Kutu hukwanguliwa kwa nyundo ndogo na brashi ya waya, chuma kikang'aa, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu, ndipo ikaja ile ya kijivu. Wiki ijayo, upande wa pili. Hapo hujataja injini, zamu za lindo za usiku, gwaride na mazoezi ya kuogelea na kuzamia.

Faida yake huonekana siku ya msiba. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, wapiga mbizi wa jeshi walikuwa miongoni mwa waokoaji. Siku mbili baadaye, fundi mmoja alitolewa ndani ya kivuko akiwa hai. Pumzi ya kuzamia namna ile haipatikani siku ya ajali. Huwekwa akiba siku za kawaida, wakati sisi tunagombania nafasi kwenye pantoni.

Kwa kazi hiyo isiyopigiwa ngoma: heko, wanamaji!