Safu ya muuaji ijazwe mwisho

Waasi wa ADF (Allied Democratic Forces) walipouvamia mji wa Kamango, mashariki mwa Kongo, tarehe 11 Julai 2013, watu wapatao 66,000 walikimbilia wilaya ya Bundibugyo, Uganda, ndani ya siku chache tu. Kwa anayeandika rekodi za mashambulio, wingi huo ni mtego. Asiyeonekana nyumbani kwake huenda ameuawa, ametekwa, au yuko katika kambi ya wakimbizi ya Bubukwanga, huko Bundibugyo. Orodha ya chifu peke yake haitoshi. Sharti ilinganishwe na ya familia, ya hospitali na ya kambi, na ifunguliwe tena mateka wakirudi. Umoja wa Mataifa uliporipoti kwamba raia wasiopungua 237 waliuawa Beni, eneo lilimo Kamango, kati ya Oktoba na Desemba 2014, ulitaja waliothibitishwa tu. Waliokufa wanaweza kuwa wengi zaidi.

Kuhesabu maiti, hata hivyo, ni rahisi kuliko kumtaja muuaji, na nashikilia kwamba safu ya jina lake katika rekodi ijazwe mwisho. Silaha haimtaji aliyeishika: panga liko katika kila shamba la kakao la Watalinga, utawala wa kichifu wenye Kamango. Sare ya jeshi huvaliwa na waasi pia. Hata wanaotunza huko Florida rekodi za mashambulio ya papa wa baharini, zilizoanza mwaka 1958, hutenga mwili ulioumwa baada ya mtu kufa maji, kwa kuwa jeraha peke yake halisemi mtu alikufaje. Kujitangaza nako si ushahidi kamili. Aprili 2019, kundi la Islamic State lilipodai shambulio nchini Kongo kwa mara ya kwanza, likitaja Kamango na Bovata, lilikuwa na faida yake katika kusikika.

Wapo watakaosema, tena kwa uchungu wa haki, kwamba kusita hivyo ni kumkinga muuaji. Lakini mahali, saa na njia waliyoshika washambuliaji vinaweza kutangazwa mara moja. Kinachosubiri ni jina. Na jina la haraka ndilo lililowakinga wengine. Kila kisa kilipoandikwa ADF, nani angewauliza maofisa wa jeshi? Taasisi ya utafiti ya Congo Research Group ilihoji mashahidi mmoja mmoja, na Machi 2016 ikaonyesha kwamba wauaji wa Beni hawakuwa kundi moja, na kwamba baadhi ya wanajeshi wa serikali walihusika. Februari 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimwekea vikwazo Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyekuwa ameongoza operesheni za jeshi dhidi ya ADF huko huko Beni.