Shukeni Kisesa, Mwone Bujora

Marafiki wa Bariadi wanaokwenda Mwanza kutembea mwisho wa wiki hupitia Lamadi na Magu, mawazo yao yakiwa ziwani: sato wa kukaanga, Jiwe la Bismarck, boti ya kwenda Saanane. Wanaoshuka kwanza Kisesa na kupanda kilima cha Bujora hupata zaidi. Hao ndio hurudi Simiyu wakipanga tayari safari nyingine.

Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yanastahili pongezi za dhati. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyaanzisha akishirikiana na Wasukuma wenyewe, enzi ambazo mila nyingi zilikuwa zikibezwa. Jengo la ngoma za watemi lina umbo la kiti cha enzi. Kuna zana za wahunzi, vifaa vya waganga, na historia ya Bagika na Bagalu, makundi ya wachezaji ambayo ushindani wao ulianza karne ya 19. Mwezi Juni, sikukuu ya Bulabo hujaza uwanja kwa wacheza bugobogobo wenye majembe na wacheza na nyoka.

Kijana wa Itilima au Maswa huona hapo vitu ambavyo bibi yake alivitaja tu. Na wahudumu humweleza kwa subira!

Simiyu ni mkoa tangu 2012, lakini Usukuma ni mmoja. Wana Bariadi, mkienda Mwanza na wenzenu, tengeni nusu siku ya Bujora, na lipeni kiingilio kwa moyo mkunjufu.