Anza na minazi, jina litafuata

Familia nyingi za Mlandege zina asili ya shamba: Mkokotoni, Donge, Bumbwini, Makunduchi. Nyumba ya mjini ikitaka kugawiwa au kuuzwa, ndipo inapobainika kwamba babu aliyefariki shamba miaka ya hamsini hana cheti cha kifo, na bila cheti mirathi haisogei. Wanaotumwa kumtafuta huanza na jina lake na mwaka wa kukisia. Naona hapo ndipo kazi inapoharibika. Kifo cha mtu wa shamba wa zama zile kinatafutwa kupitia mali aliyoiacha.

Kwa aliyefariki karibuni hakuna tabu kubwa. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya 2018, ndio unaotoa vyeti vya vizazi, vifo, ndoa na talaka, na taarifa huanzia kwa sheha. La kuzingatia ni kwamba usajili wa kifo hufuata mahali kilipotokea. Sheha wa Mlandege atawatambua warithi wanaoishi katika shehia yake, lakini kifo cha Donge kina mashahidi wake Donge.

Tabu iko kwa wazee wa enzi ya himaya ya Waingereza, utawala wa shamba ulipokuwa mikononi mwa mamudiri na masheha. Mtu akifariki alfajiri, jua halikuchwa hajazikwa, mara nyingi hatua chache kutoka nyumbani kwake. Hakupitia hospitali, na waliomzika hawakuona haja ya kufunga safari kwenda kuandikisha jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Ndiyo maana daftari la vifo huwa jembamba kila unapozidi kwenda mbali na mji.

Mali ni habari nyengine. Penye mikarafuu, minazi au deni palikuwa na kadhi, na penye kadhi palikuwa na karatasi. Sehemu ya karatasi hizo ipo Nyaraka za Taifa, Kilimani. Na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo mizizi yake ni ya 1905, nayo ni mlango wa kubisha. Mwanahistoria Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu utumwa na heshima Pemba, alitegemea sana kumbukumbu za mirathi na za mahakama. Waliokuwa watumwa, watu wasioacha barua wala shajara, alikutana nao humo.

Tuangalie kwa nini faili la mirathi linazungumza kuliko cheti. Sheria ya Kiislamu ina mpangilio: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, halafu mafungu ya warithi. Kwa hiyo bei ya sanda ikiwa imeandikwa, tarehe yake huwa jirani sana na siku ya kifo. Mafungu nayo yanaeleza nani alikuwa hai. Mke hupata moja ya nane mume akiacha watoto, robo asipoacha. Mama hupata moja ya sita palipo na watoto. Ukikuta mali imegawiwa mafungu 24, mke akachukua 3, mama 4, na 17 yaliyobaki yakaenda kwa watoto, umeshapata mengi: marehemu alikuwa na watoto, mama yake alikuwa bado hai, baba yake alikwisha kufa. Kifo cha baba sasa utakitafuta nyuma ya tarehe hiyo, na cha mama mbele yake. Karatasi moja imekufungulia vifo vitatu.

Tena Unguja mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Aliyekuwa na minazi kumi katika ardhi ya mwengine naye ameacha mirathi. Mjini ilikuwa vivyo hivyo. Mlandege ni sehemu ya Ng'ambo, ambako watu walijenga nyumba zao juu ya viwanja vya wengine au vya wakfu na kulipa kodi ya ardhi, kodi iliyozaa mgomo wa 1928. Jina la mlipaji likibadilika kitabuni, tafuta kifo karibu na mwaka huo. Usiishikilie sana anwani, maana nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa baada ya Mapinduzi kupisha majumba ya Michenzani.

Tarehe zinataka uangalifu. Bibi akisema mumewe alifariki Ramadhani ya mwaka wa Mapinduzi, amekupa kipimo kizuri: Ramadhani ya 1383 iliingia katikati ya Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi, ikaisha katikati ya Februari. Ila Ramadhani iliyofuata iliingia mwanzoni mwa Januari 1965, basi muulize kama mambo yalikuwa bado ya moto au mwaka ulishazunguka. Na kwa kuwa siku kwa wazee huanza Magharibi, aliyefariki usiku wa Ijumaa, kwa kalenda ya ofisini huenda alifariki Alhamisi. Angalia kurasa za siku zote mbili, na kwa majina utafute tahajia zote: Khamis, Hamis na Hamisi kwa pamoja.

Njia hii ya kupitia mali ina mipaka yake, na inauma. Mtoto aliyefariki kabla ya arubaini yake hakuacha cha kugawiwa. Makunduchi na uwanda wote wa mashariki, ambako karafuu hazikustawi, mafaili ni haba. Huko utawategemea wazee, na kuwauliza kama kifo kilitangulia Mwaka Kogwa au kilikuja baada yake, maana sherehe hiyo ya Julai unaweza kuugawia mwaka mara mbili.

Ukishapata, nenda kwa msajili na nakala ya faili pamoja na namba yake, barua ya sheha wa pale kifo kilipotokea, na wazee waliohudhuria maziko, kama wangali hai. Ukikosa kabisa, uliza kama mgonjwa alivushwa Dar es Salaam. Usajili wa vifo si jambo la Muungano: aliyefia Bara anatafutwa RITA, wakala wa usajili wa huko, na ombi lake likiletwa Unguja halitapata jibu hata jina likiandikwa sawasawa.