Sifa za Msimulizi wa Vita Asivyopigana

Katika mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, huketi baada ya sala ya alasiri mzee mmoja ambaye hakupata kushika bunduki maishani mwake wala kuvuka bahari, na juu ya hayo, aanzapo kuzungumza habari za vita vya Burma, wanywaji husahau vikombe mikononi hata kahawa ikapoa. Baba yake alikuwa Keya, kama walivyoitwa askari wa King's African Rifles. Yeye mwenyewe hana alichokiona, ana alichokisikia. Zamani nilidhani simulizi ya kupokea ni duni, mfano wa nguo ya mtumba. Leo nakiri kwamba ni fani kamili, yenye adabu zake.

Adabu ya kwanza ni isnadi. Kama vile maulamaa wa pwani wasivyoipokea hadithi pasi na kujua imepita kwa nani, ndivyo mzee huyu asivyosimulia kabla ya kubainisha lipi alilipokea kwa baba na lipi baba alilipokea kwa wenziwe. Akifikia habari ya Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ikazamishwa na manowari ya Kijapani ipitayo chini ya maji, karibu na visiwa vya Maldives, tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu wapatao 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, hamweki baba yake melini. Humwacha kambini, akiletewa habari.

Adabu ya pili ni kipimo. Mwaka ule ule Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua zisizokatika, ikiwafukuza Wajapani hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, na malaria nayo ikiwaangusha watu. Mzee hataji ushujaa. Hutaja tope, na kwa kuwa wasikilizaji wake wanalijua tope la njia za Njoro mwezi wa Aprili, huanzia hapo, kisha huliongeza kidogo kidogo, mpaka limfike askari magotini.

Adabu ya tatu, nayo ndiyo kuu, ni kunyamaza. Baba yake, kila alipofika katika kivuko fulani, aliomba tumbaku, na alipoendelea alikuwa tayari katika meli ya kurudi nyumbani. Mwana hakupata kuuliza, wala hakujaza. Wahandisi wa jeshi walijenga daraja juu ya Chindwin pale Kalewa. Yeye hapo hajengi kitu. Hukizungusha kikombe chake, hunyamaza kadiri baba alivyonyamaza, kisha huanza na Mombasa.

Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo huko Burma, aliandika kitabu mwaka 1967. Walio wengi hawakuandika. Huko Gilgil yako makaburi ya vita yaliyotunzwa vema, lakini jiwe huhifadhi machache tu, kama jina na tarehe, na yaliyosalia yamo vinywani mwa watu kama huyu mzee.

Basi, ewe msomaji, ikiwa umerithi simulizi ya namna hii, usiipambe. Itoe kama ulivyopewa, pamoja na jina la aliyekupa, na pengo lake pia.