Neno "Maliasili" na Thamani ya Pori

Katika maandishi ya serikali na ya mashirika, pori huitwa maliasili. Neno hili limezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaouliza linadai nini. Mali ni kitu chenye mwenyewe. Anayesema "tuhifadhi maliasili" amekwisha kujibu, kabla ya kutoa hoja yoyote, swali la iwapo pori lina thamani pasipo binadamu. Amejibu kwamba halina.

Kiswahili cha Maniema chaonekana kuwa kigumu zaidi. Kutoka Kindu hadi Tunda, nyama ni kiumbe aliye hai msituni, na nyama ni kitoweo kilichomo chunguni. Kiswahili sanifu hutenga mnyama na nyama. Je, msemaji wa Tunda haoni porini ila chakula? Dai hilo ni dhaifu. Kima aitwaye lesula alielezwa kisayansi mwaka 2012, baada ya watafiti kumwona Opala mwaka 2007. Jina, hata hivyo, lilikuwa la wawindaji wa misitu ya Lomami, waliokwisha kumtenga na kima wengine. Mwenye kuona kitoweo tu hana haja ya majina mengi hivyo (ingawa mpishi naye, ni kweli, huchagua).

Sarufi yenyewe haikubaliani na neno mali. Kifaru ana umbo la ki-, lakini husemwa kifaru amekufa, wala si kimekufa: mnyama hupewa upatanisho wa mtu. Mti na mto havipewi. Maadili hayajengwi juu ya ngeli, lakini yafaa ieleweke kwamba lugha haikulazimisha pori zima liwe bidhaa.

Hudaiwa pia kwamba wazo la thamani ya pori kwa nafsi yake ni la kigeni. Ikumbukwe kwamba Hati ya Dunia juu ya Maumbile ilipendekezwa na Mobutu mjini Kinshasa mwaka 1975, Umoja wa Mataifa ukaipitisha Oktoba 1982 kwa kura 111, Marekani pekee ikipinga. Dibaji yake inataka kila kiumbe kiheshimiwe bila kujali kinamfaa binadamu kwa lipi. Neno maliasili haliwezi kulibeba wazo hilo.

Jambo hili si la kamusi tu. Tangu Hifadhi ya Taifa ya Lomami ianzishwe mwaka 2016, katika Maniema na Tshopo, kuwinda ndani ya mipaka yake ni marufuku. Mwanakijiji anayeambiwa kuwa msitu ni maliasili ana haki ya kuuliza: mali ya nani, na faida yake iko wapi? Afisa anayejibu kwa hesabu ya faida atashindwa siku faida isipofika. Anayeamini kwamba lesula astahili kuishi kwa ajili yake mwenyewe aseme hivyo waziwazi, kisha aseme pia nani atakayelipa kitoweo kilichokosekana. Neno maumbile lingemfaa zaidi, ijapokuwa nalo linamtaja Muumba kimyakimya, na wasioamini watalalamika.