Ujira wa Mshoni

Mtu mwenye fedha chache atakaye suti ya murua aghalabu huanza kwa kosa moja: hutoa fedha zake zote dukani, akarudi nyumbani na nguo mpya na mfuko mtupu, ilhali kazi ya kuifanya nguo ile iwe yake haijaanza bado. Kosa hilo nililitenda mimi mwenyewe katika ujana wangu, niliponunua suti nyeusi ya kung'aa kwa akiba ya miezi mingi, katika duka nisilokuwa na haja ya kulitaja. Na haikupita misimu miwili ya joto la Mombasa, pamoja na pasi chache tu, kifua cha koti kikafanya malengelenge mfano wa ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto.

Sababu yake nilikuja kuifahamu baadaye kwa fundi. Kila koti la suti lina kitambaa cha ndani kinachokipa kifua umbo lake, na katika koti lililoshonwa kwa taratibu za kale kitambaa hicho ni kanvasi, mara nyingi iliyofumwa pamoja na singa za farasi, nayo hushikizwa kwa mishono ya mkono isiyobana, ili icheze pamoja na mwili wa mvaaji. Bali katika koti la rahisi kitambaa cha ndani hubandikwa kwa gundi na moto, na gundi hiyo ikiisha kuachia, hakuna sindano iwezayo kuirudisha.

Suti yangu ya pili niliitafuta katika soko la Kongowea, upande wa mitumba, nami safari hii nilikwenda na ilimu kidogo. Nilijua kulibana koti kwa vidole viwili chini ya tundu la kifungo, nikauvuta upande wa nje na upande wa ndani, nikisikiliza kama kuna tabaka la tatu linaloelea katikati, kwani tabaka hilo likielea, koti lina kanvasi. Nilijua pia kuchomoa uzi mmoja katika mshono wa ndani, muuzaji akiniridhia, nikauchoma: uzi wa sufu hunuka nywele zilizoungua, ukaacha jivu linalovurugika vidoleni, na uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka ukawa tone gumu. Wako wadhanio kuwa sufu haifai pwani kwa ajili ya joto. Lakini sufu nyepesi hupitisha hewa na kunywa jasho, ilhali poliesta humfungia mtu fukuto lake mwenyewe.

Koti la kwanza nililolipenda nililipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa na cherehani barazani, katika kichochoro cha Mji wa Kale. Nilimwamkia, akanivalisha, akanizunguka mara moja, kisha akanivua. "Mwanangu," akasema, "hili lirudishe. Kiuno ningekipunguza, mikono ningeipunguza, lakini bega hili si lako, na kulifungua bega ni kulishona koti upya." Angaliweza kuzipokea fedha zangu akanirudishia koti lenye kiuno kizuri na bega la mtu mwingine, nami, kwa ujinga wangu, ningalimshukuru. Alikataa. Hapo ndipo nilipopata kumheshimu, kabla sijaona mshono wake hata mmoja.

Koti la pili, nililolipata pamoja na suruali yake, lilikuwa la buluu ya kiza, la vifungo viwili, na mshono wa bega lake uliishia pale pale bega langu liishiapo. Nyuma, ukosi wake ulikaa shingoni pasi na mwanya. Mwenyewe wa kwanza, popote alipokuwa, alikuwa mnene kunishinda, na miguu yake ilikuwa mifupi. Nilipojikaza mbele ya fundi kama askari wa gwaride, aliniambia, "Simama usimamavyo siku zote," na kwa kunitazama tu, kabla ya kuushika utepe wa kupimia, aliona kwamba bega langu la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto. Akatia alama za chaki, akachoma pini ubavuni, akaifumua bitana kwa wembe taratibu, uzi baada ya uzi, kama mtu afunguaye barua ambayo bahasha yake ataitumia tena.

Alipolifumua pindo la suruali, alitabasamu, akaniita nitazame. Ndani mlikuwa na kitambaa cha ziada, kipana kadiri ya vidole vitatu, kilichokunjwa na kushikizwa kwa uzi uliolegea. "Huyu alikuwa fundi," akasema. Mshoni aliyeikata suruali ile, katika nchi ambayo hatukuijua, alikuwa amemwekea akiba mtu asiyemjua, na fundi asiyemjua, kwa siku ambayo haikuwa na uhakika wa kufika. Na siku hiyo ilikuwa imefika barazani pale. Mzee aliiteremsha akiba ile, akaupangusa mkunjo wa zamani kwa kitambaa kilicholowa maji na siki kidogo, kisha akapiga pasi juu ya kitambaa hicho, maana sufu ikiguswa na chuma kitupu hung'aa kwa ubaya. Alama ya mkunjo ikatoweka. Mbavu za koti akazipunguza kwa bandi kwanza, akanivalisha tena, na alipokwisha kuridhika ndipo cherehani iliposema.

Koti hilo nimelivaa na suruali yake ofisini na harusini, na siku za Idi nimelivaa juu ya kanzu, kama wafanyavyo wanaume wengi wa pwani na wa Buganda; na rangi yake ya kiza imepatana na weupe wa kanzu kuliko rangi yoyote ya kushangaza. Wasemao kwamba suti ni ya Wazungu peke yao wangestahili kukumbushwa kwamba Samuel Pepys, mwandishi wa shajara wa London, naye mwana wa mshoni, aliandika Oktoba 1666 kwamba Mfalme Charles wa Pili ameazimia kuvaa kizibao, vazi ambalo suti ilitokana nalo, na watu wa zama zile wakakifananisha na mavazi ya Kiajemi. Kutoka kwa Waajemi hao hao ndiko lilikotoka neno letu cherehani.

Ujira wa mzee ulikaribia bei ya suti yenyewe, na rafiki zangu waliniambia nimepunjwa. Hawakusema kweli. Wewe unayekwenda sokoni na fedha chache, zigawe kabla hujaondoka nyumbani: nusu ya muuzaji, nusu ya mshoni. Bei ya muuzaji ipunguze kadiri uwezavyo. Fundi akikutajia yake, mpe yote, siku ile ile.